Tuambiane na yaliyoshindikana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie kifungu kimoja kinachopatikana karibu katika kila andiko la mradi linalopita wilayani kwetu. Kifungu hicho huahidi kwamba asasi ya hapa na asasi mbia ya nje zitajifunza na kubadilishana ujuzi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza katika darasa la kwanza na la pili, na tangu nilipostaafu nimekuwa nikifanya kazi na asasi ndogo ya kiraia inayoshughulikia elimu vijijini. Ahadi hiyo nimeiona ikitimizwa kwa namna iliyonifundisha hata mimi niliyedhani kazi yangu naijua, na nimeiona pia ikivunjwa, safari hiyo nikiwa miongoni mwa walioivunja. Nikiyalinganisha hayo mawili naona tofauti yake ni moja: palipofaa, watu wa kazi walikutana na watu wa kazi wakaambiana yote, pamoja na yaliyowashinda; palipoharibika, tulipelekeana mazuri peke yake.

Nianze na palipofaa. Mwaka 2011 nilijitolea katika tathmini ya Uwezo, ile iliyokuwa ikipita nyumba kwa nyumba kuangalia kama watoto wanaweza kusoma na kuhesabu. Tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, tukapangiwa kijiji na kaya 20 ndani yake. Vifaa vyetu vilikuwa dodoso, penseli na karatasi chache zenye silabi, maneno, aya fupi na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Katika kaya ya sita au ya saba tulimkuta mzee mmoja akipanga machungwa kwenye matenga, na mwanawe wa darasa la tano akimsaidia. Tukaomba ruhusa, mtoto akanawa mikono, akaja kuketi barazani. Silabi alizisoma bila shida. Maneno aliyasoma kwa kuyakata vipande. Alipofika kwenye aya alisoma neno la kwanza na la pili, kisha akaanza kuyabuni yaliyobaki, huku akinitazama usoni aone kama amepatia.

Baba yake alikuwa ameacha kupanga machungwa. Utaratibu ulitutaka tumweleze mzazi matokeo palepale, nami nikamweleza kwa upole kadiri nilivyoweza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kama hajui kusoma, mbona kila mwaka anapanda darasa?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa watoto wa namna hiyo hata mimi nimewapandisha. Miaka yote ile nilikuwa nikiwapima watoto kwa mitihani ya kuandika, darasa zima kwa pamoja, na mtoto asiyejua kusoma hujifunza haraka namna ya kujificha ndani ya darasa la watoto 70. Barazani kwao, peke yake, na karatasi moja mkononi, hana pa kujificha. Ripoti ya kwanza ya Uwezo nchini, ya mwaka 2010, ilikuwa imesema kwamba mtoto mmoja kati ya watano wanaomaliza darasa la saba hawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Nilipoisoma nilidhani imetiwa chumvi. Baada ya kaya 20 sikudhani tena.

Karatasi ile niliyomshikisha mtoto yule haikuanzia Dar es Salaam, na hapo ndipo habari yangu inapoingia katika ushirika wa kimataifa. Ilianzia India, katika asasi ya Pratham, iliyozaliwa Mumbai katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya watoto wa mitaa ya watu maskini. Watu wa Pratham walihitaji kipimo ambacho kijana yeyote wa kijijini angeweza kukitumia baada ya mafunzo ya siku chache na ambacho mzazi asiyesoma angeweza kukielewa kwa kutazama tu. Mwaka 2005 wakakitumia kupima watoto wa vijijini nchi nzima, na kazi hiyo wakaiita ASER. Herufi hizo ni kifupi cha jina refu la Kiingereza, lakini neno lenyewe kwa Kihindi ni ndugu wa damu wa neno letu "athari", yote mawili yakiwa yamechotwa katika Kiarabu. Nilipoambiwa hivyo nilihisi kama nimekutana na jamaa wa mbali ambaye sikujua kuwa ninaye.

Watu wa elimu wa Afrika Mashariki walikwenda India kuiona kazi hiyo kwa macho yao. Hawakutosheka na kuisoma. Waliporudi, Uwezo ikaanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya Kenya, Tanzania na Uganda chini ya mwavuli wa asasi ya Twaweza, na katika kila nchi ikapewa makao ndani ya asasi ya nyumbani: Kenya kwa wanawake watafiti wa elimu wa WERK, Tanzania kwenye Mtandao wa Elimu, TEN/MET, na Uganda kwenye jukwaa la kitaifa la asasi zisizo za kiserikali. Kenya walitangulia kupima, sisi tukafuata mwaka 2010. Mpangilio wa India wa vijiji 30 kwa kila wilaya na kaya 20 kwa kila kijiji ukachukuliwa kama ulivyo, kwa sababu hesabu ya sampuli haina kabila.

Lakini si kila kitu kilichukuliwa kama kilivyo, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo mwalimu wa darasa la kwanza anapoona ufundi ambao mkaguzi wa mradi hawezi kuuona. Kipimo cha Kiingereza huanza na herufi moja moja, kisha neno. Mtu mvivu angekitafsiri kipimo hicho kwa Kiswahili, akaweka herufi kumi kwenye karatasi na kwenda nazo vijijini. Angekuwa amepotoka. Mtoto wa Kiswahili hafundishwi kusoma kwa kutaja herufi. Anafundishwa ba, be, bi, bo, bu, na akishaishika silabi, neno zima humfungukia, kwa kuwa maandishi yetu yanafuata sauti bila hila. Mtoto anaweza kulijua jina la herufi "m" na bado asiweze kusoma "mama". Ndiyo maana kipimo cha Kiswahili kilianza na silabi, na cha Kiingereza kikabaki na herufi zake. Ni badiliko dogo, lisilochukua hata robo ya ukurasa, lakini bila hilo tungepima kitu kingine kabisa na kukiita kusoma. Badiliko la namna hiyo halitoki kwa mshauri anayekaa hotelini siku tatu. Linatoka kwa mtu aliyewahi kusimama mbele ya ubao akiwa na chaki mkononi, aliyeitwa mezani wakati kipimo kikishonwa, na ambaye neno lake lilisikilizwa.

Kutoka hapo kipimo kimesafiri sana. Pakistan ilikichukua jirani kwa jirani. Mali ikakiita Bèèkunko, yaani jambo linalotuhusu sote, Senegal ikakiita Jàngandoo, yaani kujifunza pamoja, na huko Mexico kazi ikaanzia katika jimbo la Veracruz. Mwaka 2015 asasi hizi zikaungana rasmi katika mtandao uitwao PAL, wenye sekretarieti yake Nairobi. Najua kwamba mitandao ya kimataifa iko mingi na mingine ni majina kwenye barua tu. Huu naupa heshima kwa sababu moja: wanachama wake wanafanya kazi ileile, kwa mikono, katika nchi mbalimbali, kwa hiyo wanapokutana wana la kuulizana. Mtu wa Mali akieleza alivyompata mtoto asiyekwenda shule kabisa, mtu wa Nepal anaelewa mara moja, bila kamusi ya lugha ya miradi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sisi tuliopita vijijini mwaka ule tulikuwa na imani moja: kwamba mzazi akishajua mtoto wake hajui kusoma, atachukua hatua. Atakwenda shuleni, atamuuliza mwalimu, atahudhuria mkutano wa kijiji, na shule itabadilika. Nilimwacha yule mzee wa machungwa nikiwa na hakika kwamba Jumatatu atakuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakwenda. Nilikuja kumwuliza baadaye, akaniambia kwa unyenyekevu: "Mwalimu, ningekwenda kusema nini? Mimi mwenyewe sikusoma."

Miaka kadhaa baadaye, katika warsha moja, nikaelezwa jambo ambalo wenzetu wa India walikuwa wamekwisha kulipima. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, Pratham na watafiti walichukua vijiji 280 na kuvigawa. Katika vijiji vya kundi la kwanza waliitisha mikutano na kuwaeleza wazazi haki zao na kamati zao za elimu. Katika kundi la pili waliongeza kuwafundisha wanakijiji kupima watoto wao wenyewe. Katika kundi la tatu waliongeza jambo moja zaidi: waliwafundisha vijana wa kujitolea namna ya kuendesha vipindi vya kusoma nje ya saa za shule. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, mwaka uleule tathmini ya kwanza ilipofanyika Tanzania. Mikutano na taarifa peke yake havikuwatikisa wazazi, havikuwatikisa walimu, wala havikubadilisha kusoma kwa watoto. Vipindi vya vijana ndivyo vilivyofaa. Watoto waliovihudhuria wakiwa hawajui hata herufi walisonga mbele. Kisha mwaka 2014 ukachapishwa utafiti mwingine, uliofanywa vijijini nchini Kenya, ukitazama wazazi waliopewa matokeo ya tathmini ya watoto wao kama nilivyompa yule mzee. Nao haukuona badiliko kubwa katika mwenendo wao.

Mhariri, nilipoelezwa habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Sikukasirika. Niliona faraja kwamba kumbe yule mzee hakuwa mzembe wala mimi sikuwa nimeeleza vibaya. Ni kwamba tulimkabidhi mzigo bila kumpa kamba ya kuufungia. Na nikaona thamani ya kile ambacho India walikuwa wamekifanya. Walikuwa na kipimo kinachosifiwa dunia nzima, na bado wakaruhusu ichapishwe, majina yao yakiwemo, kwamba sehemu ya matumaini waliyokuwa wameyafunga kwenye kipimo hicho haikutimia. Kwangu mimi hiyo ndiyo zawadi kubwa zaidi iliyovuka bahari, kubwa kuliko karatasi yenyewe. Karatasi ilituonyesha tatizo. Ule ukweli ulituonyesha njia isiyofika.

Na njia inayofika pia ilitokea kwa kubadilishana, tena mara hii si upande mmoja ukitoa na mwingine ukipokea. Pratham kwa miaka mingi imekuwa ikiwapanga watoto kwa kiwango wanachosoma badala ya darasa walilomo: mtoto wa darasa la tano anayeishia kwenye silabi anakaa na wenzake wa silabi, saa moja au mbili kwa siku, mpaka avuke. Ushahidi kwamba kuwapanga watoto kwa kiwango kunasaidia haukutoka India peke yake. Sehemu yake ilitoka magharibi mwa Kenya, ambako kuanzia mwaka 2005 shule za msingi 121 ziliingia katika utafiti: katika karibu nusu yake watoto wa darasa la kwanza waligawanywa kwa kiwango, katika nyingine wakagawanywa bila kuangalia kiwango, na waliogawanywa kwa kiwango, wenye nguvu na wanyonge pia, wakafanya vizuri zaidi. Kwa hiyo mbinu hiyo ilipokuja tena Afrika, Zambia ikaianza kwa majaribio mwaka 2016 na nchi nyingine zikafuata, ilikuwa imebeba ndani yake jasho la walimu na watoto wa Kenya. Sijui ni walimu wangapi wa huko magharibi mwa Kenya waliowahi kuambiwa hivyo. Wangestahili kuambiwa.

Mfano mwingine nitaupita kwa haraka kwa kuwa wasomaji wako wengi wanao nyumbani. Kikoba tunachokaa kila wiki, chenye sanduku la kufuli tatu na washika funguo watatu, kina asili yake Maradi, kusini mwa Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na wanawake wa Kihausa waliojiita Mata Masu Dubara, maana yake ikikaribia wanawake wenye maarifa. Wengi wao hawakujua kuandika, kwa hiyo kila mmoja aliweka kiasi sawa na hesabu zikahifadhiwa kichwani mwa kikundi kizima. Utaratibu ulipofika kwetu, ambako wanaojua kusoma ni wengi zaidi na vipato havilingani, yakaongezwa madaftari ya hisa yanayogongwa muhuri, mwanachama akiruhusiwa kununua hisa moja hadi tano kwa kikao. Zanzibar, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, mradi ulipokwisha vikundi havikufa. Viliongezeka, wenyeji wakifundishana wao kwa wao. Hapo hapakuhitajika ripoti. Ujuzi ulikuwa umewekwa katika kanuni ambazo mama mmoja anaweza kumfundisha mwenzake mchana mmoja.

Sasa nieleze palipoharibika, na sitamtaja mbia wetu wala asasi yetu kwa jina, kwa kuwa nia yangu si kumwumbua mtu. Miaka michache baada ya tathmini ile, asasi yetu ilipata mradi wa vituo vya kusomea vijijini, ikishirikiana na asasi kutoka nje. Vitabu vilikuja, masanduku yakatengenezwa, vijana wakafundishwa, na miezi ya kwanza watoto walifurika. Kisha ukaingia msimu wa machungwa. Kila anayeijua Muheza anajua kwamba msimu ukiingia mikono yote hutakiwa shambani na barabarani, ya watoto ikiwemo. Vituo vikabaki na watoto wanne, watano, siku nyingine hakuna. Tulipita na madodoso kuwauliza wazazi, na wazazi wakatuambia wazi: sogezeni vipindi viwe jioni, au vifungeni msimu huu mvifungue ukiisha, na sanduku la vitabu msilifungie ofisini kwa mtendaji, maana mtendaji akisafiri na ufunguo unasafiri. Yalikuwa majibu mazuri kuliko ushauri wowote tuliowahi kuulipia.

Ripoti ilipoandikwa, ikasema mahudhurio yaliridhisha. Nilikuwepo. Tulikuwa tunasubiri awamu ya pili ya fedha, na katika kikao chetu cha ndani mmoja wetu alisema kwamba tukiandika habari ya machungwa tutaonekana hatujui kupanga. Hakuna aliyepinga, na mimi sikupinga. Ripoti hiyo, kurasa zaidi ya 80 kwa Kiingereza, ikaenda kwa mbia, ikasifiwa katika mkutano uliofanyika nchi nyingine, ambao aliuhudhuria mkurugenzi wetu peke yake. Vijana waliokuwa wakiendesha vituo hawakwenda, wala hawakuulizwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo: habari ya msimu haikuwa na wa kuisema. Mwaka uliofuata mpangilio uleule, saa zilezile, sanduku lilelile la ufunguo mmoja, ukapelekwa wilaya nyingine ya wakulima kwa sababu kwetu ulikuwa umefanikiwa. Huko nako msimu ulipoingia vituo vikabaki vitupu. Fedha ile ilikuwa ya watoto, na sisi tuliipoteza mara ya pili kwa kunyamaza.

Mradi ulipofungwa, madodoso yaliwekwa kwenye makasha ya karatasi stoo. Mwaka jana tulipofungua stoo hiyo tulikuta mchwa wamekula kasha moja lote na nusu ya lingine. Niliinua karatasi moja ikabaki ukingo mkononi mwangu, na kwenye ukingo huo nikaona mwandiko wa kijana wetu mmoja: "mzazi anasema ufunguo". Mengine yalikuwa udongo.

Najua sababu zinazotolewa. Wanaotoa fedha wanapenda kusikia mafanikio, na asasi inayokiri kushindwa inaogopa kwamba jirani yake atachukua nafasi yake. Hofu hiyo ni ya kweli. Nimeiona ikiwatia watu wema mashakani, kwa kuwa nyuma ya kila mradi kuna mishahara na ada za watoto wa watumishi. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Wapo waliothubutu na hawakufa. Engineers Without Borders ya Canada, asasi ya wahandisi iliyofanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, tangu mwaka 2008 ilianza kuchapisha ripoti ya yaliyoshindikana katika kazi zake, ikiandikwa na walewale waliokosea. Asasi za mtandao wa PAL zilipoona kwamba kupima tu hakutoshi, hazikutetea heshima ya kipimo. Zimeanza kuunganisha kupima na kufundisha. Mbia wetu wa nje, naamini, angelipokea vema neno la machungwa kama tungelisema. Hatukumpa nafasi ya kulipokea, na yeye naye hakuwahi kutuuliza ni nini kilichotushinda. Fomu yake ya ripoti ilikuwa na nafasi ya mafanikio, nafasi ya idadi ya walengwa, na mistari miwili kwa ajili ya changamoto.

Wengine husema ziara za mafunzo ni ghali, na kwamba mwenye Kiingereza ndiye anayefaa kutumwa. Gharama naikubali, siombi kijiji kizima kipande ndege. Naomba kwamba pale panapokuwa na nafasi mbili, moja iwe ya mtu anayeifanya kazi yenyewe: mwendesha kituo, mwalimu wa kujitolea, mtunza hesabu wa kikundi. Kuhusu lugha, nimemwona mwendesha kituo wa kwetu akizungumza na mgeni kutoka Asia kwa msaada wa mkalimani kwa saa mbili, wakichora chini kwa kijiti namna kila mmoja anavyowakalisha watoto. Walielewana kuliko nilivyowahi kuelewana na mtu katika mkutano wowote. Tena jirani zetu wa Kenya, Uganda na Kongo ya mashariki tunazungumza nao Kiswahili kimoja. Ziara ya kuvuka mpaka kwa basi, kulala kwa wenyeji na kurudi baada ya siku nne, haifikii hata gharama ya chakula cha mchana cha warsha zetu nyingi. Nashangaa kuona asasi ya Tanga ikiijua zaidi asasi ya London kuliko ya Kwale, ambayo ni mwendo wa saa chache kwa barabara.

Nawaomba basi viongozi wa asasi zetu, na wabia wao wa nje wanaosoma gazeti hili au wanaosomewa, wakubaliane mambo machache kabla ya kutia saini. Ripoti ya kila mradi iandikwe pia kwa Kiswahili, kwa ufupi unaosomeka katika mkutano mkuu wa kijiji, na isomwe huko kabla ya kupelekwa nje, ili wanakijiji waseme kama ndivyo ilivyokuwa. Fomu ya ripoti iwe na ukurasa mzima kwa ajili ya yaliyoshindikana na sababu zake, na ukurasa huo usiwe kigezo cha kunyima fedha. Na gazeti lako, Mhariri, ambalo hupokea matangazo mengi ya uzinduzi wa miradi, litenge nafasi hata mara moja kwa mwezi ambapo asasi itaeleza kwa Kiswahili ilichojifunza kutoka kwa wenzake wa nje, na ilichowafundisha.

Sisi watatu tuliobaki katika asasi yetu tumekwisha kuanza. Tumeyakusanya madodoso yaliyosalia, tumeyanakili kwenye daftari moja, na tumeomba nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji wa robo hii. Tutawasomea wazazi majibu yao wenyewe, tutawaambia ripoti ilisema nini badala yake, na tutawaambia kwamba mengine yaliliwa na mchwa na tunaomba watuambie upya. Kijana aliyeandika "mzazi anasema ufunguo" atakuwepo, na yeye ndiye atakayesoma. Nakala ya yatakayosemwa tutampelekea aliyekuwa mbia wetu, kwa Kiswahili, na tafsiri yake pembeni.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.